Sir George Thomas: Aliwapa dunia kombe la vinyoya, kwao England halijawahi kubaki

SHABIKI wa soka akisikia jina la Jules Rimet haitaji maelezo marefu. Ni yule mzee wa Kifaransa aliyeiongoza FIFA kuanzia 1921 hadi 1954, akaanzisha Kombe la Dunia mwaka 1930, na kombe lenyewe likaja kupewa jina lake. Rimet alifariki 1956 bila kuiona Ufaransa ikilibeba. Wafaransa walisubiri hadi 1998 kwao Paris, siku ile Zinedine Zidane alipowatandika Brazil mabao mawili ya kichwa.

Sasa kuna mwenzake Rimet ambaye watu wa kandanda wengi hawamjui. Naye alikuwa rais wa chama cha dunia kwa zaidi ya miaka 20. Naye alitoa kombe likapewa jina lake. Wazo lenyewe lilichochewa na mambo mawili: Kombe la Davis la tenisi na hilo hilo Kombe la Dunia la soka la 1930.

Tofauti ni kwamba Rimet hakuwahi kuwa nyota wa uwanjani. Huyu wa pili alikuwa mchezaji hatari, tena si wa mchezo mmoja. Na kama Wafaransa walisubiri miaka 68, wenzao wa England wanasubiri mpaka leo. Hawajabeba kombe hilo hata mara moja, na fainali yake hawajawahi kuicheza.

Jamaa anaitwa Sir George Thomas. Mchezo wake ni badminton, ule ambao huku kwetu wengi wanauita mpira wa vinyoya. Na kombe lake, Thomas Cup, ndilo Kombe la Dunia la timu za wanaume katika mchezo huo.

MTOTO WA MAMA BINGWA

George Alan Thomas alizaliwa Juni 14, 1881, Therapia, kitongoji kilicho kandokando ya bahari karibu na jiji la Istanbul, Uturuki, ambalo wakati huo Wazungu waliliita Constantinople. Wazazi wake walikuwa Waingereza wa ukoo wenye cheo cha kurithi, kile kinachompa mtu haki ya kuitwa Sir bila hata kupewa na mfalme aliyepo. Baba akifa, mtoto wa kiume anachukua. George alikuwa wa saba katika mstari huo.

Lakini damu ya ushindani aliipata kwa mama. Mama yake, Lady Edith Thomas, alikuwa mcheza sataranji, mchezo ambao vijana wa mtaani wanauita chesi. Mwaka 1895, katika mji wa Hastings, kusini mwa England, palifanyika moja ya mashindano ya mwanzo kabisa ya sataranji ya wanawake. Lady Edith alishinda.

Wakati huo George alikuwa na miaka 14. Kijana wa umri huo akimuona mama yake anarudi na ubingwa, akili yake haiwezi kubaki pale pale. Sataranji ilimkaa kichwani hadi uzeeni, na alipoongeza raketi mkononi, England ikapata mtu wa ajabu.

MCHEZO WENYEWE ULIKUWA MCHANGA

Ili umwelewe Thomas inabidi uelewe alikuta nini. Badminton ya sasa ilipata sura yake katika karne ya 19 kupitia maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India, hasa mji wa Poona. Waliporudi kwao wakaendelea kuucheza, na jina likatokana na Badminton House, jumba la kifahari la mtawala wa Beaufort huko Gloucestershire.

Mashindano makubwa ya kwanza, All England, yalianza 1899. Usidanganywe na jina. Kwa miaka mingi ubingwa wa All England ndio uliohesabiwa kuwa ubingwa wa dunia kwa mchezaji mmoja mmoja, kwa sababu mashindano rasmi ya dunia yalikuja kuanza 1977. Aliyebeba All England alikuwa ameshamaliza kazi.

Thomas alibeba taji lake la kwanza la All England mwaka 1903, akiwa na miaka 21. Lilikuwa la mchanganyiko, yaani mwanamume na mwanamke upande mmoja. Mwenzake alikuwa Ethel Thomson, dada ambaye baadaye aliolewa, akajulikana kama Ethel Larcombe, na akaja kuwa bingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 1912. Hapo unaona kiwango cha watu aliokuwa akicheza nao.

Kuanzia hapo mataji yalimiminika. Wawili wawili kwa wanaume alibeba 1906, 1908, 1910, 1912, 1913 na 1914. Mchanganyiko aliongeza 1906, 1907, 1911 na 1914. Alibadilisha wenzake, lakini ushindi haukubadilika. Ilikuwa kama yule kiungo ambaye ukimpanga na mshambuliaji yeyote, mabao yanapatikana.

Ila kulikuwa na jambo moja lililokuwa linamsumbua. Taji la mmoja mmoja, lile la kusimama peke yako uwanjani bila wa kukusaidia, lilikuwa linampita. Miaka ya kabla ya vita lilitawaliwa na watu wengine, akina Frank Chesterton na Guy Sautter. Ukihesabu hadi 1914, Thomas alikuwa na mataji 11 ya All England na hata moja kati ya hayo halikuwa la mmoja mmoja.

TENISI NAYO HAKUIACHA

Kama hiyo haitoshi, alikuwa anacheza tenisi pia, na si ya kubahatisha. Mwaka 1911 alifika robo fainali ya Wimbledon kwa mchezaji mmoja mmoja. Yaani mwaka huo huo aliobeba taji la mchanganyiko All England, alikuwa miongoni mwa nane bora wa mashindano makubwa ya tenisi duniani.

Hebu fikiria mchezaji wa leo anayecheza nusu msimu Ligi Kuu, halafu anaenda kucheza robo fainali ya kikapu. Enzi zile mchezo ulikuwa wa ridhaa na hapakuwa na mishahara, hivyo mtu angeweza kuchanganya. Lakini kuchanganya ni jambo moja, na kufika juu kote ni jambo jingine.

KIPIGO KILICHOMPA SIFA

Kwenye sataranji, jambo la kushangaza ni kwamba mchezo wake unaokumbukwa zaidi ni ule aliopigwa.

Ilikuwa Oktoba 29, 1912, kwenye klabu ya sataranji jijini London. Mbele yake alikaa kijana wa Kijerumani aitwaye Edward Lasker, aliyekuwa ametua Uingereza na Kiingereza hakijui. Lasker akamtoa malkia wake, kipande chenye nguvu kuliko vyote, akakiacha kiliwe makusudi. Kumbe ulikuwa mtego. Mfalme wa Thomas akaanza kufukuzwa hatua kwa hatua, akatolewa kwenye ngome yake, akavuka ubao mzima hadi upande wa adui, na huko ndiko alikomalizwa. Hatua 18 tu, mchezo umeisha.

Kwa lugha ya mpira, hiyo ni kupigwa tobo, kisha chenga, kisha bao la kisigino, mashabiki wakiangalia. Wachezaji wengine wangenuna na kuondoka. Thomas alimpa mkono mshindi na kumsifu kwa kazi aliyoifanya. Lasker mwenyewe aliusimulia uungwana huo katika maandishi yake, na akaeleza kwamba uliugusa moyo wake.

Weka akilini tukio hilo. Mgeni kaja nyumbani kwako, kakufunga vibaya, na wewe unampigia makofi. Miaka 37 baadaye jambo hilo hilo lilikuja kuikuta nchi nzima ya Thomas, tena kwa kombe alilotoa yeye mwenyewe.

KUZALIWA UPYA AKIWA NA MIAKA 38

Vita Kuu ya Kwanza ilizima michezo. All England haikuchezwa kuanzia 1915 hadi 1919. Kwa mwanamichezo yeyote miaka mitano ni mingi, na kwa aliyekuwa na miaka 33 vita inaanza, wengi wangesema habari yake imeisha hapo.

Mashindano yaliporudi 1920, Thomas alikuwa na miaka 38, akielekea 39. Huo ni umri ambao kwenye soka mtu ameshapewa mechi ya kuagwa na sasa yuko studio anachambua. Yeye ndipo alipobeba lile taji la mmoja mmoja lililokuwa linamkwepa tangu ujana.

Na hakuishia hapo. Alilitetea 1921, akalitetea 1922, akalitetea tena 1923 akiwa na miaka 41. Mara nne mfululizo. Mwaka 1921 ndio ulikuwa balaa lenyewe, kwani alizoa yote matatu kwa mpigo: mmoja mmoja, wawili wawili pamoja na Frank Hodge, na mchanganyiko pamoja na Hazel Hogarth. Siku ya fainali hakuna jukwaa la washindi ambalo hakupanda.

Mwaka 1923 nao una yake. Ndani ya mwaka huo mmoja alikuwa bingwa wa All England wa vinyoya na pia bingwa wa sataranji wa Uingereza. Huku unakimbia, unaruka na kupiga. Huku umekaa kwenye kiti saa nyingi unawaza. Bingwa wa vyote viwili ni mtu mmoja, tena mwenye miaka zaidi ya 40.

Taji lake la mwisho la All England lilikuja 1928, wawili wawili, yeye na Hodge. Alikuwa na miaka 46. Ukipiga hesabu yote yanafika 21: manne ya mmoja mmoja, tisa ya wawili wawili na manane ya mchanganyiko. Kati ya la kwanza na la mwisho ilipita robo karne.

MWAKA 1934, KOFIA TATU

Alipoweka raketi chini, wengi walidhani atastarehe. Mwaka 1934 ukawapa jibu.

Kwanza, alibeba tena ubingwa wa sataranji wa Uingereza, miaka 11 baada ya ule wa kwanza.

Pili, kiliundwa Chama cha Kimataifa cha Badminton, IBF, na yeye akawa rais wake wa kwanza. Wanachama waanzilishi walikuwa tisa tu: England, Ireland, Scotland, Wales, Denmark, Uholanzi, Kanada, New Zealand na Ufaransa. Angalia hiyo orodha vizuri. Hakuna hata nchi moja ya Asia. Hakuna Malaya, hakuna Indonesia, hakuna China, hata India ambako mchezo ulilelewa haikuwamo. Ilikuwa klabu ya wakubwa.

Tatu, mwishoni mwa Desemba mwaka huo alikwenda Hastings, mji ule ule aliposhinda mama yake, kucheza mashindano ya kimataifa ya sataranji yaliyoingia hadi Januari 1935. Waliokuwepo ni vigogo. Alikuwepo José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Alikuwepo Max Euwe wa Uholanzi, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka huo huo wa 1935. Alikuwepo Mikhail Botvinnik wa Urusi ya Kisovieti, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1948.

Mzee wa miaka 53, mcheza vinyoya mstaafu, akampiga Capablanca. Akampiga na Botvinnik. Akamaliza kileleni akiwa sawa kwa pointi na Euwe na Salo Flohr. Ni kama timu ya daraja la kwanza iingie kwenye kundi la Ligi ya Mabingwa, iwafunge Real Madrid na Bayern, kisha iongoze kundi.

WAZO LA KOMBE

Kama rais wa IBF, Thomas aliona pengo. Mchezo ulikuwa na ubingwa wa mtu mmoja mmoja, lakini hapakuwa na ubingwa wa nchi. Tenisi ilikuwa na Davis Cup. Soka ilikuwa tayari imecheza Kombe la Dunia mara tatu, 1930, 1934 na 1938. Vinyoya havikuwa na kitu.

Kwenye mkutano wa IBF wa 1939 alitoa hoja ya kuanzisha mashindano ya timu za mataifa kwa wanaume, na akajitolea kombe. Lilitengenezwa London na mafundi wa fedha, Atkin Bros. Ni fedha iliyopakwa dhahabu, lina urefu wa inchi 28, na juu ya mfuniko amesimama mchezaji ameshika raketi. Gharama yake inatajwa kuwa Dola 40,000 za Marekani. Kwa thamani ya pesa ya wakati ule, hilo si kombe la kuweka kabatini bila mlinzi.

Mpango ulikuwa lianze kushindaniwa msimu wa 1941-42. Hitler akaharibu kila kitu. Vita ya Pili ilipolipuka, kombe likabaki bila kuguswa. Mashindano ya kwanza yakaja kuchezwa msimu wa 1948-49, karibu miaka kumi baada ya wazo.

Mfumo wake shabiki wa soka ataupenda, kwa sababu ndio huu huu wa mabara. Nchi 10 zilizoingia ziligawanywa kwa kanda: Ulaya, Amerika na Pasifiki. Kila kanda ikatoa timu moja. Pambano moja la nchi mbili lilikuwa na michezo tisa, mitano ya mmoja mmoja na minne ya wawili wawili. Anayefika mitano amepita.

Ulaya ikatoa Denmark, si England. Amerika ikatoa Marekani. Na kanda ya Pasifiki ikatoa nchi ambayo haikuwa hata imepata uhuru: Malaya.

PRESTON, 1949

Malaya ya wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza. Kuanzia 1948 ilikuwa ndani ya vita vya msituni kati ya serikali ya kikoloni na wapiganaji wa kikomunisti. Katika mazingira hayo vijana wake walisafiri hadi Uingereza kuutafuta ubingwa wa mchezo ambao Waingereza wenyewe ndio waliowapelekea.

Glasgow wakakutana na Marekani, wakawachapa 6-3. Wakashuka hadi Preston, mji ambao watu wa soka wanaujua kwa Preston North End, bingwa wa kwanza kabisa wa Ligi ya England mwaka 1889. Fainali ilikuwa dhidi ya Denmark. Wengi wa Ulaya walitegemea Wadenmark wangewafundisha kazi wageni.

Ilikuwa 8-1. Kwa Malaya.

Timu ile ilikuwa na Wong Peng Soon, fundi mwenye mkono wa nyuma uliowatesa wapinzani, na mwaka uliofuata, 1950, akawa Mwasia wa kwanza kubeba All England kwa mmoja mmoja. Alikuwemo pia Ooi Teik Hock na Teoh Seng Khoon, waliokwenda London mwaka huo huo wa 1949 na kubeba All England kwa wawili wawili.

Hapo ndipo lile la 1912 linaporudi. Kombe la Sir George, lililotengenezwa London, likachukuliwa kwenye ardhi ya England na watu wa koloni, likapakiwa na kusafirishwa hadi Asia. Rais wa chama alikuwa Mwingereza. Wenye kura nyingi walikuwa Wazungu. Kama wangetaka kupinda kanuni, uwezo ulikuwepo. Michezo tunaijua, na shabiki wa Afrika hahitaji kuelezwa jinsi viongozi wanavyobadilisha ratiba, viwanja na kanuni pale wenyewe wanapoanza kufungwa.

Haikutokea. Kanuni zilibaki zile zile, na bingwa akaheshimiwa kama bingwa. Kwa kuwa Malaya ndiye aliyekuwa analishikilia, fainali za 1952 na 1955 zilichezwa kwake, Singapore. Wageni ndio waliofunga safari safari hizo. Mwaka 1952 Malaya iliipiga Marekani 7-2, na 1955 ikairudia Denmark kwa 8-1 nyingine. Mara tatu mfululizo. Mwaka huo wa 1955 Thomas akaachia urais wa IBF baada ya miaka 21.

INDONESIA YAINGIA, JAKARTA YAWAKA

Mwaka 1958 Indonesia, nchi iliyokuwa imetangaza uhuru wake 1945, iliingia mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Ikafika fainali, ikaenda Singapore na kumvua ubingwa Malaya kwa 6-3, ikiwa na Tan Joe Hok na Ferry Sonneville. Kuanzia hapo vinyoya vikawa kwa Waindonesia kile ambacho soka ni kwa Wabrazil. Walilitetea kombe 1961 nyumbani Jakarta na 1964 Tokyo, ambako Denmark iliwatoa jasho hadi 5-4.

Halafu ikaja fainali ya 1967 Jakarta, Indonesia dhidi ya Malaysia, jina jipya la Malaya baada ya muungano wa 1963. Nchi hizi mbili zilikuwa zimetoka kwenye uhasama mkali wa kisiasa uliofika mpaka kwenye risasi, na amani ilikuwa mbichi. Ukumbi ulikuwa umefurika na watu hawataki kusikia habari ya kufungwa.

Malaysia wakawa wanaongoza 4-3. Mchezo wa nane ukiendelea, kelele na usumbufu wa mashabiki vikazidi kiasi kwamba wachezaji wageni hawawezi kucheza. Mwamuzi mkuu, Herbert Scheele, akasimamisha mchezo. IBF ikaamua yaliyobaki yamaliziwe New Zealand. Indonesia ikagoma. Kombe likapewa Malaysia, kwa matokeo ya 6-3.

Mtoa kombe alikuwa hai, na miaka 86 inakaribia. Mtu aliyejulikana kwa kumpongeza aliyemfunga, sasa kombe lake linaamuliwa mezani kwa sababu ya fujo. Lakini angalia upande wa pili pia. Watu hawafanyi fujo kwa kitu wasichokijali. Kombe lililoanza kama wazo la mzee mmoja kwenye mkutano wa nchi za Wazungu lilikuwa limegeuka roho ya mataifa mawili ya Asia, kama ilivyo dabi ya Kariakoo kwa jiji la Dar es Salaam.

Mwaka 1970 Indonesia ikalipa kisasi uwanjani, tena ugenini. Ikaenda Kuala Lumpur na kuichapa Malaysia 7-2.

NNE KWA NNE

Sir George Thomas alifariki Julai 23, 1972, akiwa na miaka 91. Hakuwahi kuoa, hakuacha mtoto, na kile cheo cha ukoo kilichopita kwa watu saba kikafia kwake.

Katika uhai wake Thomas Cup ilichezwa mara nane. Malaya, baadaye Malaysia, ilibeba mara nne: 1949, 1952, 1955 na 1967. Indonesia ilibeba mara nne: 1958, 1961, 1964 na 1970. Sare. Nchi mbili ambazo hazikuwa miongoni mwa wale waanzilishi tisa wa 1934 ziligawana kila kitu. Ulaya ilitoka mikono mitupu mara zote nane.

Wadenmark, wababe wa Ulaya, walikuja kuvunja mwiko 2016 huko Kunshan, China, walipoifunga Indonesia 3-2. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Ulaya. India, ambako maofisa wale wa Poona walikuwa wakipiga vinyoya enzi za ukoloni, ilibeba 2022 Bangkok kwa kuichapa Indonesia 3-0. England bado.

Linganisha na soka la Afrika. Kombe la kwanza la Mataifa ya Afrika lilipewa jina la Abdelaziz Abdallah Salem, Mmisri aliyekuwa rais wa kwanza wa CAF. Lilipochezwa mara ya kwanza Khartoum 1957, Misri wakaondoka nalo. Mwenye kombe akalirudisha nyumbani. Kwa Thomas, kombe lilitoka na halikurudi.

Mfumo wake wa kanda nao haukufa. Mabara yakaanzisha mashindano yao: Asia 1962 Kuala Lumpur, Ulaya 1968 Bochum, Ujerumani, na Afrika 1979 Kumasi, Ghana. Leo bingwa wa Afrika kwa timu anapata tiketi ya kwenda kukaa na wakubwa. Afrika Kusini, Nigeria na Algeria zimeshafika Thomas Cup kwa njia hiyo. Kwa wanawake lipo Uber Cup, lililotolewa na Mwingereza mwingine, Betty Uber, na kuanza 1957. Mwaka 2024 dada zetu wa Uganda waliliwakilisha bara huko Chengdu, China, wakapangwa kundi moja na Japan na Indonesia.

Hakuna aliyetarajia Uganda iwafunge Japan. Lakini mabinti kutoka Kampala walisimama wavu mmoja na mabingwa wa dunia kwa sababu kuna mtu mwaka 1939 aliamua kwamba kila kanda itatoa wake, na anayeshinda uwanjani ndiye achukue, hata kama ni mgeni, hata kama ni mtawaliwa.

Mataji 21 ya All England yako kwenye vitabu vya kumbukumbu, na wachache wanavifungua. Ila kila baada ya miaka miwili, bingwa mpya wa dunia anainua lile kombe la mwaka 1939 lenye mchezaji juu ya mfuniko. Anayeinua anaweza kuwa Mchina, Mjapani, Mdenmark au Mhindi. Jina linalotangazwa ni la Mwingereza mmoja aliyejua kufunga na aliyejua kufungwa.